Breki Iliyopiga Honi

Gari la kwanza nililolifunga nyaya bila ya mwalimu wangu kusimama nyuma yangu, nilikanyaga breki, honi ikalia. Nikaondoa mguu, ikanyamaza. Nikakanyaga tena, ikalia tena, na kwa sauti safi kabisa. Basi nikabonyeza honi yenyewe. Kimya. Mwenye gari, aliyekuwa amesimama upande wa nyuma, akaniambia kwa upole wote, "Fundi, taa za breki zawaka huku."

Chekeni, siwakatazi. Hata mimi nikikumbuka hucheka mpaka mbavu zikauma, ingawa siku ile nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Mimi ni Mbwana, mtoto wa Mji wa Kale, fundi wa umeme wa magari tangu ujana mpaka macho yaliponiambia basi. Nawaandikia nyinyi mlioshika koleo juzi na jana, nyinyi wenye mashine za kulisoma gari na simu zenye ramani za nyaya. Kazi yetu hii ni tamu, wanangu. Kuna raha gani inayozidi kuingiza mkono kwenye giza la dashibodi, vidole vikatafuta, vikapata, ukageuza ufunguo na taa zote zikaamka? Lakini mwaka jana honi ile ya ujanani ilirudi kunitafuta, na nusura imle fundi mwengine badala yangu. Hilo ndilo nataka kuwahadithia.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Okelo, Mluo aliyeletwa Mombasa na reli. Alitengeneza taa za mabehewa mpaka alipostaafu, kisha akafungua karakana ya mabati Makadara, nami nikaenda kwake nikiwa na ndevu tatu. Kiswahili chake hakikuvuka daraja la Makupa kuingia kisiwani hata siku moja. "Mbwana," alikuwa akiniambia, "kila waya iko na jina. Usikate waya kama hujui jina yake." Nami nilikuwa nikimcheka chini kwa chini, nikidhani kumshinda mtu Kiswahili ndiko kumshinda kazi.

Alikuwa na sheria zake, na nyingi ninazo mpaka leo. Gari halifunguliwi kabla ya kunuswa. Chumvi ya kisiwa hiki hula ethi kwanza, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi ili umeme upate njia ya kurudi. Kwa hiyo taa ikififia usikimbilie kununua taa, piga msasa pale kwenye bodi, paka grisi, funga tena. Nimeona watu wamenunua betri mbili kwa ajili ya skrubu moja yenye kutu. Na sheria kubwa kuliko zote, kila maungio yalehemiwe kwa risasi. "Vidole ni ya kula ugali," alisema Mzee Okelo, "si ya kuunganisha waya."

Sasa sikilizeni habari ya majina. Magari tuliyokuwa tukiletewa yalikuwa yameshakula joto na grisi miaka kumi na mitano, ishirini. Nyaya zilizotoka kiwandani nyekundu, kijani na zambarau, zote zilikuwa na rangi moja ya uchafu. Ukikata ishirini, una ncha arobaini zinazofanana. Reli walikuwa na vibati vya namba. Sisi tulikuwa na leso, yaani kanga. Palikuwa na fundi wa cherehani Biashara Street aliyeshona nguo za watoto na foronya kwa leso, na vipande vilivyobaki alitupa sisi. Kabla ya kuukata waya waufunga vipande viwili vya leso moja, kimoja huku na kimoja huku, kisha wakata katikati. Wakati wa kuunganisha kila kipande chamtafuta mwenzake, maua kwa maua, nukta kwa nukta, korosho kwa korosho. Watu wakipita walidhani gari laolewa.

"Beba vipande ya leso moja moja tu," Mzee Okelo alinionya. "Ukiona pacha yake, wacha huko huko." Maana leso huuzwa doti, mbili pamoja, sawa kwa sawa. Mimi niliyezaliwa na mama mwenye sanduku zima la leso, ilibidi nikumbushwe hilo na mtu wa Kisumu. Na bado sikushika.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, rangi ya samli, mali ya Mwalimu Rashid wa Kizingo. Panya walikuwa wametafuna nyaya chini ya dashibodi. Ijumaa tukafunga vitambaa na kukata palipotafunwa, mimi na Mzee. Jumamosi hakuja, maana alikuwa Msabato, na Jumamosi hata ungemletea gari la mkuu wa mkoa asingeligusa. Nikabaki peke yangu, kifua mbele, nikipiga mluzi. Kumbe nilikuwa nimechota vipande kwa fundi wa cherehani bila kuchambua. Nilifunga korosho nyekundu kwenye waya wa honi, na korosho nyekundu nyengine, pacha yake, kwenye waya wa taa za breki. Ncha nne, sura moja. Nikaziunganisha kwa kubahatisha, na kilichofuata mmeshakisikia.

Mwalimu Rashid hakukasirika. "Fundi," akasema, "gari limekuwa la sarakasi." Lakini alikuwa na safari ya Malindi, mkewe Bi Salma amekaa Kizingo na mizigo mlangoni, na jua limeshapanda. Pasi yetu ya kulehemu ilikuwa ya kupashwa kwa makaa, na makaa yalikuwa yameshazima. Kuwasha makaa, kungoja, kulehemu, hiyo ni saa nzima. Hapo ndipo nilipokosea, si kwenye korosho. Korosho ulikuwa ujinga, na mjinga husamehewa. Nilizikata nyaya zile mbili tena, nikazibadilisha, nikazisokota kwa vidole, nikazungushia tepu na kuzisukuma nyuma kabisa asikoona mtu. Kwa haraka ile hata kitambaa cha leso sikukitoa, nikakifungia humo humo ndani ya tepu. Nikakanyaga breki, taa. Nikabonyeza honi, honi. Mwalimu akaondoka akinipungia mkono.

Jumatatu Mzee Okelo akaniuliza, "Gari ya Mwalimu ilitoka sawa?"

"Sawa kabisa, Mzee."

"Ulilehemu zote?"

"Zote."

Nilikusudia gari likirudi niyalehemu maungio yale kimyakimya. Halikurudi kwa jambo hilo. Mzee Okelo akazeeka, akaenda kwao, akafia huko, nami nikawa fundi mkubwa wa kuwahimiza wengine walehemu.

Ruka nami miaka arobaini na ushei. Mwaka jana nilikuwa nimeshastaafu, kazi yangu kukaa kwenye benchi nje ya duka moja la spea pale Makadara na kutoa fatwa juu ya magari ya watu. Mwalimu Rashid alikuwa ameshafariki zamani. Gari la samli lilikuwa likiendeshwa na Bi Salma mwenyewe, mama wa sabini na kitu, buibui na miwani ya jua, na hakuna dereva wa tuktuk aliyethubutu kumkata njia. Siku moja akiwa Makadara, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Dereva mmoja akaruka akang'oa kichwa cha betri, Mungu amjaalie, la sivyo lingeungua lote.

Na miezi miwili nyuma, Bi Salma alikuwa ametiliwa redio mpya na Kombo. Kombo ni Mdigo, kijana wa thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, na kibanda chake cha umeme wa magari kiko hapo hapo Makadara. Redio chini ya dashibodi, moshi chini ya dashibodi, nani alihitaji ushahidi tena? Na mimi ndiye niliyeanza. Nilisema pale benchini mbele ya watu wote, "Hawa vijana wa redio, mkono mmoja kwenye simu, mkono mmoja kwenye nyaya za watu." Wakacheka sana. Neno lilinitoka tamu, nikalirudia na kesho yake.

Neno la fundi aliyestaafu huenda mbali kuliko yeye. Wiki mbili hazikwisha, kibandani kwa Kombo hapana gari hata moja. Akaja akanikuta benchini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee Mbwana, mimi sikugusa nyaya za zamani za gari lile. Umeme wa redio niliutoa kwenye betri moja kwa moja, nikatia fyuzi yangu."

"Kila fundi husema hivyo."

"Basi nakuomba kitu kimoja. Nasikia Bi Salma amekuita wewe. Siku ukilifungua, niite tulitazame pamoja."

Nikamwambia haya. Sikumwita.

Ni kweli Bi Salma alikuwa ameniita. "Fundi Mbwana," aliniambia, "wewe ndiye uliyelifunga gari hili wakati wa Mwalimu. Sitaki mkono mwengine." Nikavimba kichwa. Nikashusha sanduku langu la vyombo kutoka juu ya kabati, mke wangu akanitazama, akauliza, "Si ulisema macho hayaoni?" Nikamwambia kazi hii si ya macho, ni ya pua na vidole. Nilikwenda Kizingo kwa miguu, sanduku begani, na wallahi nilijisikia kijana.

Nikaanza kwa kunusa, kama nilivyofunzwa. Sasa shikeni hili, ni la bure na hamtalipata kwenye simu. Waya ulioungua kwa kosa lake mwenyewe huungua kutoka ndani. Ukiuvuta, ngozi yake yachomoka yote kama soksi, na shaba yake imekuwa nyeusi. Waya uliounguzwa na jirani huungua ubavu mmoja tu, ule uliomwelekea jirani, na shaba yake bado yang'aa. Kwa hiyo usitafute palipoungua sana. Mtafute aliyeungua ndani, kisha mfuate mpaka kwake.

Nyaya za Kombo nilizitafuta kwanza, na kwa hamu, nakiri. Nikazipata. Ngozi imeyeyuka ubavu mmoja, shaba safi, maungio yamelehemiwa na kuvishwa mpira, fyuzi iko nzima mahali pake. Kazi nadhifu kuliko nyingi zangu. Yeye ndiye aliyeunguzwa.

Nikasema, haya, basi mwizi ni nani? Moyo ukaanza kunidunda ile dunda yake ya zamani. Nikaushika waya mmoja ulioungua ndani, nikaufuata kwa vidole pole pole, nyuma ya saa ya mwendo, nyuma ya taa, mpaka kule nyuma kabisa ambako mkono hauingii ila ukikunja kidole gumba. Raha iliyoje. Nilikuwa nikicheka peke yangu. Nikagusa fundo, nikalivuta nje kwenye mwanga.

Tepu imekauka imepasuka. Nyaya zimesokotwa kwa vidole, bila risasi, zimelegea, zimekuwa kijani kwa chumvi, na ule wa honi umechomoka ukagusa bodi. Gari la zamani lile, waya wa honi haukupita kwenye fyuzi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuzuia. Na katikati ya uchafu ule mweusi palikuwa na kitambaa, nusu kimeungua, nusu nzima. Korosho nyekundu.

Nilikaa chini pale sakafuni. Nisiwadanganye, jambo la kwanza kunijia halikuwa Kombo. Lilikuwa jina langu. Nikalikata lile fundo, nikalitia mfukoni pamoja na kitambaa chake, na Bi Salma alipokuja na chai akauliza, "Haya, umeona nini?" nikamjibu, "Bado natazama." Mzee wa miaka sitini na minane, nikasema uwongo ule ule wa siku za ndevu tatu.

Nikajitia kwenye kazi ili nisifikiri. Kile kijiti cha usukani, cha honi na indiketa, kilikuwa kimeyeyuka, na spea yake haijatengenezwa tangu sijui lini. Nikaingia madukani Makadara. "Mzee," wananiambia, "hilo gari lenyewe liko makumbusho." Hapo ndipo wengi wenu hukata tamaa, na hapo ndipo mimi huanza kufurahi. Ukitafuta spea ya gari kongwe usitaje gari. Chukua kile kilichovunjika mkononi, uonyeshe umbo lake. Viwanda vya zamani vilitengeneza swichi moja vikaiuza kwa wenye magari, wenye matrekta na wenye maboti. Na usiulize kwenye duka la spea tu, uliza duka lililokuwa la spea.

Basi nilikumbuka duka moja nyuma ya Biashara Street ambalo siku hizi lauza mapazia. Mwenyewe ni Mhindi wa makamo, babake ndiye aliyekuwa na spea. Nikamwonyesha kile kijiti kilichoyeyuka. "Darini bado kuna maboksi ya baba," akasema. "Sijui ni ya nini na naona vibaya kuyatupa. Panda, Mzee, lakini ngazi si nzuri." Nilipanda. Kwa muda wa saa mbili nilikuwa huko juu, nikifungua makaratasi ya mafuta ambayo hayajafunguliwa tangu marehemu ayafunge, na katika boksi la mwisho, la mwisho kabisa, nikaiona. Kijiti cha trekta, lakini matundu yake ni yale yale na shingo ni ile ile. Niliteremka na vumbi mpaka kwenye kope, nikambusu mwenye duka paji la uso, na yule bwana hajapona mshangao mpaka leo.

Kasoro ilikuwa moja tu. Ule ulimi mdogo wa shaba wa ndani, unaopeleka umeme kwenye honi, ulikuwa umevunjika. Hilo halinitishi mimi, mtu wa Mji wa Kale. Nikaenda kwa sonara mmoja niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa watoto, nikamchorea ulimi kwenye karatasi. Akachukua kipande cha dele bovu la kahawa, birika lile la shaba, akakata, akapiga tupa, akapiga nyundo ndogo, akapima, akapiga tena. Nilipotoa kijiti mfukoni tujaribu, kitambaa kikatoka pamoja nacho kikaanguka mezani kwake.

"Ni nini hiki?"

"Tambara tu."

Akakisukuma pembeni akaendelea na kazi. "Yakhe," akasema, "mwanangu alitaka kumpelekea Kombo gari amtilie taa. Nikamkataza. Nikamwambia, Fundi Mbwana ameshasema, wale mkono mmoja kwenye simu, mkono mmoja kwenye nyaya za watu."

Alikuwa akinisifu. Ulimi wa shaba ulikuwa mkononi mwake unang'aa, umekaa sawasawa, kazi ya kupendeza mno, nami sikuona utamu wake hata chembe. Nilikiokota kitambaa, nikachukua kijiti na ulimi wake, nikatoka. Hata kuaga vizuri sikuaga.

Nilimkuta Kombo anafagia kibanda. Vyombo vyake vilikuwa vimeshateremshwa ukutani vimepangwa kwenye sanduku. Jamaa yake mmoja alikuwa amempatia tuktuk ya kuendesha, aanze Jumatatu. Miaka minane ya kazi ilikuwa yaenda kwa neno langu moja la benchini. Nikakiweka kitambaa juu ya sanduku lake.

"Kombo, gari la Bi Salma nililichoma mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, kuanzia doti mpaka Msabato mpaka Malindi.

"Ulifungua bila kuniita," akasema.

"Ndiyo. Nisamehe."

Akatazama nje, kisha akanyoosha mkono. "Lete fundo lenyewe nilione." Nikampa. Akaliangazia simu, akaligeuza huku na huku, akalivuta kwa kucha. Mnajua, fundi ni fundi. Hata akiwa na hasira na wewe, ataka kuona. "Mzee, miaka arobaini hii imeshika bila risasi?"

"Haikushika, Kombo. Ilikuwa yangoja."

Akanirudishia. "Mimi nimekusikia," akasema. "Lakini si mimi ninayeleta magari hapa. Lile neno ulilolisema pale benchini, hili utalisema pale pale?"

Mwendo wa kutoka kibandani mpaka benchini ni hatua mia mbili, na sijapata kutembea njia ndefu kama ile. Wote walikuwepo. Nikasimama, sikukaa. Nikawaambia, "Sikilizeni. Kombo hakuchoma gari la Bi Salma. Nyaya zake ni nzima na safi kuliko zangu. Nilichoma mimi, na nitawaambia vipi." Mmoja akasema, "Mzee, si ungenyamaza tu? Nani angejua?" Nikamwonyesha kitambaa, nikamwambia atazame na alama za vidole vyangu asipotosheka.

Nikahadithia. Kwanza walinisikiliza kwa heshima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuchekwa. Kisha nikafika pale ninapokanyaga breki, benchi lote likalipuka. Mwenye duka la spea aliketi chini kabisa. Kombo alikuwa amesimama nyuma, amekaza uso, akajizuia, akajizuia, lakini nilipofika pale Mwalimu Rashid anaponiambia taa za breki zawaka huku, akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu yangu. Kabla ya alasiri sonara alikuwa ameshapigiwa simu na mtu, na gari la mwanawe lilikuwa mbele ya kibanda cha Kombo.

Kwa Bi Salma nilikwenda na Kombo. Nikasema tena, mara ya tatu siku ile, na haikuwa nyepesi kwa kuzoea. Bi Salma alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu alinihadithia habari ya honi ile njia nzima mpaka Malindi," akasema. "Alicheka mpaka akalisimamisha gari. Lakini hii ya pili hakuijua." Kisha akamgeukia Kombo. "Mwanangu, mimi pia nilikusema. Nimekuonea, uniwie radhi." Kombo akatazama chini, akamwambia yameisha, mama.

Tulilivuta gari mpaka kibandani kwa Kombo tukalifunga wawili, siku tatu, na niliona raha ambayo sikuiona tangu Mzee Okelo. Kombo alipiga picha kila waya kwa simu yake, mimi nikafunga vitambaa vya leso, leso moja tu kutoka kila doti, nimevichambua mara tatu. Alinicheka, lakini siku ya pili simu yake ikazima chaji akawa anauliza, "Mzee, hii ya maua ni ya wapi?" Alilehemu yeye, kwa ile pasi yake ya umeme inayopata moto kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mkono wake umetulia. Kila maungio aliyomaliza alinionyesha, nami kila moja nikalivuta kwa nguvu zangu zote, na hakuna lililotoka. Ule ulimi wa dele la kahawa tukautia wa mwisho.

Bi Salma akaja kulichukua pale kibandani. Magari matatu yalikuwa yangoja zamu, na vyombo vilikuwa vimerudi ukutani. Akavaa miwani yake, akawasha, taa zote zikaamka. Akatuaga, akatia gia, akaondoka. Mimi na Kombo tukasimama barabarani tukimtazama, na najua sote tulikuwa twangoja ile kona ya mbele ambapo hapana budi kukanyaga breki.

Akafika konani. Taa za breki zikawaka.

Na honi ikalia.

Kombo alikuwa ameshaokota koleo na kuanza kukimbia. Ndipo tukaona mkono wa Bi Salma umetoka dirishani, unatupungia, na mabega yake yatikisika kwa kicheko, mkono wa pili bado uko kwenye honi.